Dala, Jadak na Miwa: Mila za Awendo Katika Kiswahili

Methali isemayo kwamba mwacha mila ni mtumwa imenukuliwa mno katika insha na tasnifu za wanafunzi wa Kiswahili hata imepoteza makali yake. Aghalabu huja mwanzoni kabisa, kisha hufuatwa na orodha: mavazi, vyakula, ngoma, ndoa, mazishi. Mwisho mwandishi husikitika kwamba vijana wa siku hizi wameyapa kisogo hayo yote. Msomaji akichukua insha kumi za namna hiyo, moja ikihusu Wamijikenda, nyingine Waluo, nyingine Wafiji wa visiwa vya mbali vya Bahari ya Pasifiki, atastaajabu kuona jinsi jamii hizo zinavyofanana kama vikombe vya seti moja. Kila jamii ina wazee wenye hekima, ngoma za mavuno na ukarimu kwa wageni. Hakuna hata moja inayodaiwa karo, inayosubiri malipo ya mazao, wala inayobishana juu ya mpaka wa shamba.

Awendo ni mahali panapofaa sana kuujaribu mtindo huo wa uandishi na kuuona ukishindwa. Mji huo umekaa kando ya Mto Sare, katika barabara kuu itokayo Kisii kupitia Rongo na kuelekea Migori hadi mpaka wa Isebania. Wenyeji wake ni Waluo wa Sakwa. Mwaka 1976 iliundwa huko Kampuni ya Sukari ya Nyanza Kusini, ambayo kila mtu huiita Sony, na tangu kiwanda kilipoanza kusaga miwa mwaka 1979, maisha ya kila siku ya Sakwa na majirani zake hadi Ndhiwa yamefuata mwendo wa zao hilo. Matrekta yenye matela ya miwa hupita alfajiri. Watoto huokota vipande vilivyodondoka njiani. Wakataji miwa hurejea jioni wakiwa weusi kwa masizi ya majani yaliyochomwa. Anayetaka kuandika juu ya mila za Awendo na asiitaje miwa, ambayo Waluo huiita niang', atakuwa anaandika juu ya mahali pengine.

Mila hazikuondoka miwa ilipoingia. Zilibaki, zikaanza kubishana nayo, na zingali zinabishana. Hoja inayostahili kujadiliwa na wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili ni hii: mabishano hayo yanaendeshwa kwa maneno ambayo Kiswahili cha vitabuni hakijayakaribisha, na kila yanapotafsiriwa kwa neno la karibu tu, jambo lenyewe huharibika.

Neno la kwanza ni dala. Msomaji wa Kiswahili, hasa aliyekulia Tanzania, akilisikia hukumbuka sarafu ya shilingi tano na nauli ya daladala. Kwa Mluo, dala ni makao yaliyoanzishwa kwa utaratibu maalumu. Mwanamume hutoka katika makao ya baba yake akiandamana na mke wake wa kwanza na mtoto wake wa kiume, wakichukua jogoo, shoka na moto. Baba, au ndugu wa baba ikiwa baba amekwisha kufariki, ndiye anayewaongoza mpaka mahali palipochaguliwa. Nyumba ya mikayi, yaani mke mkubwa, hujengwa ikitazamana na lango. Nyumba za wake wengine hufuata pembeni, na simba, yaani vibanda vya vijana wa kiume, hukaa karibu na lango kwa kufuata zamu ya kuzaliwa. Mtu akiingia katika dala anaweza kuusoma ukoo mzima kwa macho kabla hajaambiwa neno.

Kamusi humshauri mwandishi atumie “nyumbani” au “boma”. Boma ni ua, na tangu enzi za Wajerumani na Waingereza limekuwa pia ofisi ya mkuu wa wilaya. “Nyumbani” lina hitilafu kubwa zaidi, kwa kuwa limezaliwa na “nyumba”. Katika Kijaluo, nyumba ni ot, na ot na dala hayana mzizi wa pamoja. Mtu anaweza kuwa na ot tano katika miji mitano asiwe na dala hata moja.

Tofauti hiyo, ambayo kwa haraka huonekana kuwa ya kiisimu tu, iliwahi kushughulisha taifa zima. Wakili S. M. Otieno alipofariki mwezi Desemba 1986, mjane wake Wambui Otieno alitaka kumzika karibu na Nairobi, ambako walikuwa wameishi na kujenga. Ukoo wake wa Umira Kager ulidai kwamba azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilichukua miezi mitano, na mojawapo ya maswali yaliyorudiwa mahakamani lilikuwa kama nyumba za marehemu za Nairobi zilikuwa makao yake au nyumba tu. Mashahidi walilazimika kuifafanua dala kwa Kiingereza, lugha ambayo angalau ina maneno mawili tofauti kwa mambo hayo mawili. Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki, na marehemu akazikwa Nyalgunga. Iwapo hukumu hiyo ilikuwa ya haki kwa mjane ni suala ambalo Wakenya hawajalimaliza, na wengi wana sababu nzuri za kusema haikuwa. Hata hivyo, anayetaka kuipinga sharti kwanza aielewe hoja anayoipinga. Kwa Kiswahili cha “nyumba” na “nyumbani” hoja hiyo haielezeki. Pengine neno lililo karibu zaidi ni “kwao”, kama Waswahili wanavyouliza kwao mtu ni wapi. Nalo ni kiwakilishi tu, halina lango wala jogoo.

Watakuwapo watakaosema kwamba Kiswahili kinajitosheleza, kwamba kina kaya, kitongoji na maskani, na kwamba kuchopeka maneno ya kikabila ni kukichafua. Hoja hiyo huzungumzwa kwa ukali katika makongamano, lakini sokoni imekwisha kushindwa zamani. Mkenya wa Mombasa, Nyeri au Kitale anaponunua samaki wadogo wakavu wa Ziwa Viktoria huomba omena, neno la Kijaluo, wala hamwoni muuzaji kuwa amechafua lugha. Katika siasa, Kiswahili kilipokea “ng'atuka” kutoka Kizanaki, likaingia kamusini na kusomwa na watoto wa shule. Kwa hiyo mlango uko wazi kwa kitoweo na kwa viongozi wastaafu. Maneno yanayosubiri nje ni yale yanayohusu ardhi, kifo na uzazi, na hayo ndiyo watu wa Awendo wanayoyapelekea wazee, chifu na mahakama.

Jambo la mashamba yenyewe linastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu hapo ndipo miwa ilipogusa mila kwa namna ambayo insha za orodha haziwezi kuiona. Katika dala ya desturi kila mke alikuwa na mashamba yake na ghala lake. Mume naye alikuwa na shamba lake mwenyewe, lililoitwa mondo. Kupanda kulikuwa na zamu: mikayi huanza, wengine humfuata, na wana hawawatangulii wazazi wao. Zamu hiyo ilishikamana na misimu miwili ya mvua, chwiri ambayo ni masika, na opon ambayo ni vuli. Mtu aliyeiruka alihesabiwa kuwa amevunja kwer, yaani mwiko. Wengi walioandika juu ya desturi hii waliiona kama kielelezo cha unyenyekevu wa wanawake na vijana. Ukiiangalia upande wa pili, ilimpa mikayi mamlaka halisi. Mbegu ya mtu mwingine haikuingia ardhini kabla ya yake.

Miwa haina chwiri wala opon. Hukaa shambani miezi 18 hadi 24 kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kisha huchipua tena. Ratiba ya kupanda na kuvuna hupangwa na afisa wa kampuni, na mkataba hutiwa sahihi na aliyeandikishwa kuwa mwenye shamba, ambaye mara nyingi ni mwanamume. Hakuna mstari uliotengwa kwa ajili ya mikayi. Ni sahihi kusema kwamba miwa imeipanua mondo, shamba la mume, mpaka ikayameza mashamba ya wake. Hilo halikutangazwa na mtu yeyote. Halikuhitaji mzee wa kuivunja mila wala mmishonari wa kuihubiria. Lilifanyika kwa karatasi, na mashamba ya mtama, wimbi na mihogo yaliyolisha watoto yakapungua. Kwa hiyo mama wa Awendo anayenunua unga dukani huku nyumba yake imezungukwa na zao la biashara pande zote nne, amepoteza chakula, na amepoteza pia zamu yake. Ikiwa malipo ya kiwanda yamechelewa, kama yalivyochelewa mara nyingi katika viwanda vya umma vya sukari nchini Kenya, hana ghala la kukimbilia.

Insha ngapi za “athari za usasa kwa mila za Waluo” zimelisema hilo? Nyingi zimeshughulika na kung'olewa kwa meno sita ya chini, desturi ambayo kizazi cha leo hakiijui ila kwa picha.

Kutoka mondo ni hatua fupi kufika kwa jadak. Huyu ni mtu anayeishi na kulima katika ardhi ya ukoo usio wake, kwa ridhaa ya wenye ardhi, weg lowo. Wingi wake ni jodak. Anaweza kuwa shemeji, mpwa, rafiki wa vita vya zamani au mhamiaji aliyefuata kazi. Anaweza kukaa vizazi vitatu, akazaa, akajenga, akalima, na bado siku ya ugomvi akakumbushwa kwamba yeye ni jadak. Kumwita mpangaji ni kosa, kwani mpangaji hulipa kodi na mkataba wake una mwisho. Kumwita mgeni nako ni kosa, kwani mgeni huaga. Kumwita mlowezi ni kosa baya zaidi, kwa kuwa neno hilo kwa Wakenya lina sura ya mzungu wa nyanda za juu. Hati miliki zilipoanza kutolewa, baadhi ya jodak waliandikishwa na wengine hawakuandikishwa, na tangu hapo neno hilo moja limebeba uzito ambao hakuna hakimu wala mwandishi anayeweza kuupima kwa kutumia neno “mpangaji”.

Wafiji waliotajwa mwanzoni wanaweza sasa kuitwa mbele, maana wao nao ni watu wa miwa. Zaidi ya watu 60,000 walichukuliwa kutoka India kati ya 1879 na 1916 kwenda kufanya kazi Fiji kwa mikataba, wengi wao katika mashamba ya miwa. Karibu asilimia 90 ya ardhi ya visiwa hivyo ni mali ya koo za wenyeji na haiuzwi. Wazao wa wale Wahindi waliendelea kulima miwa juu yake kwa kukodi. Sheria ya mwaka 1976, mwaka uleule Sony ilipoundwa, iliwapa mikataba ya miaka 30, na mikataba ya aina hiyo ilipoanza kumalizika mwaka 1997 familia nyingi zilifungasha virago na kuyaacha mashamba. Wageni walioandika kwamba huo ulikuwa mgogoro wa kodi ya ardhi tu waliikosa nusu ya habari. Wafiji wana neno vanua, ambalo ni ardhi, na ni watu wa ardhi hiyo, na ni desturi zao, vyote kwa pamoja. Ndiyo maana wataalamu wanaoandika juu ya Fiji kwa Kiingereza wamelikubali neno hilo lilivyo, pamoja na mataqali, yaani ukoo wenye ardhi. Waliona kwamba bila maneno hayo hawawezi kueleza kwa nini mtu aliyezaliwa shambani aliondoka shambani.

Mwaka 2025 Serikali ya Kenya ilikodisha viwanda vinne vya umma vya sukari, Sony kikiwa kimojawapo, kwa wawekezaji binafsi kwa muda wa miaka 30. Shamba kuu la kiwanda cha Awendo lilitwaliwa kutoka kwa koo za Sakwa katika miaka ya 1970, na madai ya waliohamishwa hayajazimika. Mwanafunzi wa semantiki angeweza kuuliza swali ambalo mwanasheria hataliuliza: kwa mantiki ya Sakwa, mwekezaji huyo ni nani? Ana ridhaa ya Serikali. Je, ana ridhaa ya weg lowo? Wazee wenye mzaha watasema ni jadak mwenye mtambo. Mzaha huo una nadharia nzima ya umiliki ndani yake, na hautafsiriki.

Zipo pia fedha chungu, pesa makech. Mwanaanthropolojia Parker Shipton, aliyefanya utafiti miongoni mwa Waluo wa kusini mwanzoni mwa miaka ya 1980, alichapisha mwaka 1989 kitabu juu ya fedha hizo. Ni fedha zitokanazo na kuuza ardhi, dhahabu, tumbaku, bangi au jogoo wa dala. Huaminika kuleta balaa zikitumiwa kulipia mahari kabla ya kutakaswa. Orodha hiyo inaonekana ya ajabu mpaka mtu akumbuke jogoo aliyebebwa siku ya kuanzisha dala, na akumbuke kwamba Migori ni nchi ya machimbo ya dhahabu na mashamba ya tumbaku. Watu waliokuwa wakiingia katika uchumi wa fedha walijiwekea kipimo cha kutofautisha shilingi na shilingi. Mwenye kukiita kipimo hicho ushirikina anafunga mjadala kabla haujaanza. Swali la kuvutia ni iwapo fedha za kukodisha shamba la ukoo kwa ajili ya miwa, miaka na miaka, zina uchungu au hazina. Jawabu la swali hilo halimo maktabani. Lipo Awendo, na litatofautiana baina ya dala na dala.

Tahadhari inahitajika hapa, kwani anayetetea maneno huweza kudhaniwa kuwa anatetea kila kitendo. Kiswahili huita tero “kurithi mjane”. Tafsiri hiyo ina dosari, kwa sababu katika fikra ya Kiluo mjane hubaki kuwa mke wa marehemu, na watoto atakaowapata na jater huhesabiwa kuwa wa marehemu. Hakuna urithi uliohama. Lakini kusahihisha tafsiri si kuhalalisha shinikizo. Wajane wengi wamenyimwa ruhusa ya kujenga au kulima mpaka wakubali jater wasiyemtaka, na Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 2(4), inabatilisha sheria ya kimila inayopingana nayo. Mwanamke anayeitumia Katiba hiyo dhidi ya shemeji zake anahitaji kueleza barabara anachokikataa. Neno “kurithi” linamfanya aonekane kama kipande cha mali kinachogombea mmiliki, hata pale anapojitetea.

Chira ni mfano mkali zaidi. Ni hali ya kudhoofika na kukonda inayoaminika kumpata aliyevunja kwer, au hata jamaa yake. Haitumwi na mtu, kwa hiyo si uchawi. Haitamkwi na mtu, kwa hiyo si laana. UKIMWI ulipoingia Nyanza, ukakonda watu kama chira inavyokonda, familia nyingi zilitafuta mwiko uliovunjwa badala ya hospitali. Ujumbe wa afya uliowaambia “acheni kuamini uchawi” uliwapita kando, maana hakuna aliyekuwa amemtaja mchawi. Ungewafikia zaidi lau ungeanza na neno lao na kulijibu neno hilo. Katika sehemu iliyobeba mzigo mkubwa wa ugonjwa huo kuliko nyingine zote nchini, kosa hilo la msamiati halikuwa dogo.

Kazi ya kuyaandika mambo haya si ngeni. Mwaka 1938 Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, alichapisha Luo Kitgi gi Timbegi, maelezo ya desturi za Waluo kwa lugha yao wenyewe. Mwaka 1983 Grace Ogot alitoa Miaha kwa Kijaluo, na mwaka 1989 ikatoka kwa Kiingereza. Mwelekeo wa safari hizo unajieleza: kutoka lugha ya mama hadi Kiingereza, Kiswahili kikitazama kando kama mwenye nyumba aliyepitwa mlangoni pake. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, papo hapo, kinaitaka dola ikuze lugha za kienyeji. Wengi huzisoma ibara hizo mbili kama zinazoshindana. Zaweza kusomwa pamoja, na mahali pa kuanzia pawe idara za Kiswahili.

Idara hizo zina wanafunzi kutoka Sakwa, Kanyamkago, Suna na Ndhiwa, na mara nyingi wanafunzi hao huandika tasnifu juu ya tenzi za Lamu, kwa sababu wameambiwa kwamba Kiswahili chenye hadhi hutoka Pwani. Tenzi hizo zina thamani yake isiyopingika, na zina watafiti wengi. Jadak hana hata mmoja. Mhadhiri anayesimamia tasnifu angeweza kumwelekeza mwanafunzi huyo arudi kwao likizo ndefu na daftari, asikusanye orodha ya mila, bali akusanye sentensi: neno jadak lilitamkwa na nani, akimwambia nani, juu ya shamba gani, na aliyeambiwa alijibu nini. Sentensi hamsini za namna hiyo zingetosha kuandika kidahizo cha kwanza cha neno hilo katika kamusi ya Kiswahili, pamoja na maana zake mbili au tatu na mifano yake, kabla kesi nyingine ya mpaka haijatafsiriwa mahakamani kwa neno “mpangaji”.